Mguu ukibana, usiitafute dawa kwenye chupa

Hivi jamani, nani alitudanganya kwamba misuli ikikubana juu ya baiskeli ni kwa sababu hukula ndizi?

Nauliza kwa sababu nimechoka. Kila Jumamosi alfajiri ukisimama pale Mwenge utaona makundi ya vijana wenye kofia ngumu na kaptula za kubana wakielekea Bagamoyo. Jambo jema kabisa, na mimi ni mmoja wao. Zamani kijana aliyesoma akionekana juu ya baiskeli hapa Dar, watu walidhani ameachishwa kazi. Leo wahasibu, mawakili, watu wa benki, na sisi waandishi tusio na hela ya mafuta, wote tunapanda kwa raha zetu. Hilo sigombani nalo. Ninachogombana nacho ni mafundisho yanayosafiri pamoja na makundi haya. Ndizi mbili kabla ya kuondoka. Kinywaji cha rangi ya bluu njiani. Kidonge cha chumvi mkifika Bunju. Magnesiamu usiku kabla ya kulala. Na mwenye mjomba mfamasia, kwinini! Halafu mtu akishuka pale Kerege ameshika paja analia, hukumu inatoka papo hapo bila hata kumsikiliza: "Hukunywa maji ya kutosha wewe!"

Mimi nasema hapana. Mguu wako haukubana kwa sababu ya ndizi usiyoila. Umebana kwa sababu umeutuma kazi ambayo hujawahi kuuzoesha, kwa gia nzito, juu ya siti iliyofungwa vibaya. Na haya matatu hayauzwi dukani, ndiyo maana husikii mtu akiyatangaza.

Tuitendee haki historia kwanza, maana najua kuna atakayekuja na "hata madaktari wanasema". Kweli, walisema. Mwaka 1923 huko Uingereza, Moss aliandika kuhusu wachimba makaa ya mawe waliokuwa wakibanwa misuli ndani ya migodi yenye joto kali. Watu hao walitokwa jasho zamu nzima, wakanywa maji matupu kwa wingi, wakabanwa. Walipopewa maji yenye chumvi wakapata nafuu. Miaka ya 1930 hadithi ikawa ile ile kwa vibarua waliojenga bwawa la Hoover kule Marekani, jangwani, juani. Hawakuwa wajinga waliowapa chumvi. Waliona tatizo mbele yao, wakalitibu.

Lakini wewe hukuchimba makaa ya mawe. Wewe umetoka Sinza saa kumi na moja alfajiri, kumepoa, upepo wa bahari unakupiga, na saa moja na nusu tayari umeshabanwa. Chumvi gani hiyo iliyoisha mwilini kwa saa mbili na nusu, wakati jana usiku umekula chipsi kuku zenye chumvi ya kutosha ng'ombe wawili?

Kilichotokea ni kwamba habari ya mgodini ilibebwa nzima nzima ikaletwa michezoni. Mwaka 1965 madaktari wa Chuo Kikuu cha Florida, wakiongozwa na Robert Cade, walichanganya maji, sukari na chumvi kwa ajili ya timu ya chuo chao. Ndiyo ikazaliwa Gatorade. Kinywaji chenyewe si kibaya, mtu anayetoka jasho saa nne mfululizo kitamsaidia. Ubaya ni kilichofuata: tangazo baada ya tangazo, mpaka mtu wa kawaida akaamini kwamba kila maumivu ya mwanamichezo yana ladha ya chungwa au zabibu. Nasi tumepokea kama tunavyopokea kila kitu kilichoandikwa kwa Kiingereza kwenye chupa.

Sasa sikilizeni upande wa pili, ambao hautangazwi.

Mwaka 1997 Martin Schwellnus na wenzake huko Cape Town walitoa hoja tofauti. Walisema tatizo haliko kwenye damu, liko kwenye mawasiliano kati ya msuli na mishipa ya fahamu pale msuli unapochoka. Nieleze kwa lugha ya mjini. Fikiria daladala. Kuna dereva anayetaka kukanyaga mafuta, na kuna konda anayegonga bati kumwambia asimame. Ndani ya msuli kuna vihisio vidogo vinavyosema "kaza", huyo ndiye dereva. Kwenye kano, pale msuli unapoungana na mfupa, kuna vingine vinavyosema "legeza, utajivunja", huyo ndiye konda. Msuli ukiwa na nguvu wanaelewana. Ukichoka kupita kiasi, dereva anazidi kukanyaga na konda analala. Msuli unakazwa, unakazwa tena, haupewi ruhusa ya kulegea. Hapo ndipo kigimbi kinageuka jiwe na wewe unaanza kuita majina ya mama yako.

Utajuaje kwamba hii ina mashiko? Fanya uchunguzi mwenyewe, huhitaji maabara. Kwanza, angalia ni msuli gani unaobana. Ni ule uliofanya kazi. Paja, kigimbi, nyama za nyuma ya paja. Kama chumvi imepungua kwenye damu, damu hiyo inazunguka mwili mzima, sasa kwa nini isibane mikono? Kwa nini isibane taya, tukapumzika kusikia hadithi zako? Inabana paja la kulia peke yake, lile unalolitegemea kupanda kilima. Pili, angalia kinachoituliza. Unaunyoosha msuli, dakika moja mbili, unaachia. Umeongeza chumvi kiasi gani kwa kunyoosha mguu? Hakuna hata chembe. Umemwamsha konda tu: ukiuvuta msuli, kano inavutika, vile vihisio vya "legeza" vinapata sauti tena.

Na kama hutaki uchunguzi wa barabarani, Schwellnus na wenzake waliwafuatilia washiriki 210 wa mashindano ya Ironman, yale ya kuogelea, kisha baiskeli kilomita 180, kisha kukimbia marathoni nzima. Matokeo yakatoka mwaka 2011. Waliobanwa misuli walikuwa 43. Wakalinganisha uzito uliopotea na madini ya chumvi kwenye damu, kati ya waliobanwa na wasiobanwa. Hakukuwa na tofauti ya maana inayoeleza kubanwa kwao. Kilichowatofautisha ni mambo mawili: waliobanwa walikuwa wamekwenda kasi zaidi, na walikuwa na historia ya kubanwa huko nyuma. Kasi! Yaani mtu kujilazimisha mbio zaidi ya wenzake. Nani kati yetu hajamwona yule bwana anayeondoka Mwenge kama anafukuzwa na polisi, mkimkuta Mapinga kakaa chini ya mti anapepewa?

Ndizi nayo isikingiwe kifua. Watafiti wa Marekani wakiongozwa na Kevin Miller waliwalisha watu ndizi, wakapima potasiamu kwenye damu, wakachapisha mwaka 2012. Ilichukua kama saa nzima kabla ya potasiamu kupanda, na ilipanda kidogo tu. Kwa hiyo ile ndizi unayoitafuna umekaa kando ya barabara ukisubiri paja liachie, paja litaachia lenyewe kabla ndizi haijafika popote. Tena kwenye jasho tunapoteza zaidi sodiamu, hiyo ya chumvi ya kawaida, kuliko potasiamu inayosifiwa kwenye ndizi. Kula ndizi kwa sababu ni chakula. Ina wanga, ni rahisi, haichafui mikono, inapatikana kila kituo. Hizo sababu zinatosha.

Huyo huyo Miller alifanya jaribio jingine lililochapishwa mwaka 2010 ambalo mimi nalipenda sana. Walichukua wanaume waliopungukiwa maji mwilini, wakaubana msuli wa mguu kwa umeme, kisha wakawapa maji au maji ya achari ya matango, yale ya siki na chumvi. Waliokunywa achari waliachiwa haraka zaidi kuliko waliokunywa maji. Haya, shangwe! Chumvi imeshinda! Subiri kwanza. Iliwaachia ndani ya dakika moja na nusu hivi, kabla kitu chochote hakijatoka tumboni kuingia kwenye damu. Maelezo yanayotolewa ni kwamba ukali wa siki kooni ndio uliowashtua mishipa ya fahamu, nayo ikatuma amri ya kulegeza. Si lishe ile, ni kofi. Roderick MacKinnon, mwanasayansi wa Marekani aliyepata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003, alibanwa misuli akipiga kasia baharini, akafuata wazo hilo hilo na kubuni kinywaji cha tangawizi, mdalasini na pilipili. Majaribio ya vitu vya namna hiyo yamegongana, mengine yanasema vinasaidia, mengine hayaoni kitu. Ila mnaona kichekesho chenyewe? Wazungu wanauziana pilipili kwenye chupa ndogo kwa dola, na sisi tuna achari ya embe nyumbani, lakini tukienda Bagamoyo tunabeba maji ya bluu. Ukitaka kujaribu, weka kichupa cha siki ya achari mfukoni. Kikishindwa, utapata cha kulia wali.

Sasa nikubali lililo la kweli kwa wapinzani wangu, maana sitaki kushinda kwa hila. Mwaka 2019 kundi la watafiti wa Australia, akiwamo Nosaka, liliwakimbiza wanaume 10 kwenye mteremko ndani ya joto mpaka wakapoteza karibu asilimia 2 ya uzito wao kwa jasho. Baadaye wakawapa maji matupu siku moja, na maji yenye madini ya chumvi siku nyingine. Baada ya maji matupu, vigimbi vyao vilikuwa rahisi zaidi kubanwa vilipochokonolewa kwa umeme. Baada ya maji ya chumvi vilikuwa vigumu zaidi kubanwa. Watu 10 ni wachache, lakini jaribio ni zuri na linaendana na wale wachimba makaa wa mwaka 1923. Na wapo watu ambao jasho lao lina chumvi sana, ukiwaangalia wakifika Zinga fulana zao zina ramani nyeupe mgongoni. Mtu wa namna hiyo, saa tano asubuhi ya mwezi wa kwanza Dar es Salaam, atie chumvi kwenye maji yake. ORS ya duka la dawa inatosha kabisa, au chumvi na sukari kutoka jikoni kwa mama. Chumvi ina nafasi yake. Ninachokataa ni kuigeuza bima: kwamba ukishainywa, basi mguu usiofanya mazoezi utakufikisha.

Na angalieni vizuri, hata jaribio hilo linaonya dhidi ya nini? Dhidi ya maji matupu kwa wingi! Dhidi ya lile lile tunalopigiana kelele barabarani.

Hapa nataka tuache utani. Watu wamekufa kwa kunywa maji kupita kiasi michezoni. Baada ya mbio za marathoni za Boston mwaka 2002, ambako mkimbiaji mmoja alifariki kwa sababu hiyo, watafiti walichapisha mwaka 2005 vipimo vya damu vya wakimbiaji 488 wa mbio hizo. Asilimia 13 walikuwa na sodiamu iliyoshuka chini ya kawaida. Waliokuwa hatarini zaidi ni waliokunywa mpaka uzito wao ukaongezeka njiani, na waliochukua muda mrefu kufika. Sasa nani anachukua muda mrefu kufika Bagamoyo? Si bingwa. Ni yule dada mpya, mpole, mtiifu, anayefanya kila analoambiwa na kiongozi wa msafara. Akianza kuumwa kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa, mtamwongezea nini? Maji! Kunywa ukisikia kiu. Ukifika nyumbani umeongezeka uzito, ujue ulikunywa kupita ulichotoa.

Kisa kimoja nitakisimulia, waandaaji sitawataja. Ulikuwa msafara wa kulipia, na ada ilikuwa nzuri tu. Ukilipa unapewa fulana, namba ya kubandika, na vinywaji vya mfadhili kila kituo. Kulikuwa na binti mmoja amekodi baiskeli kutoka kwao hao hao. Siti imeshushwa chini mpaka magoti yake yanakaribia kugusa usukani, anapedeli kama mtoto aliyepanda baiskeli ya mdogo wake. Kilomita 40 hivi, mapaja yakamkamata yote mawili kwa pamoja. Alianguka upande wa barabara, bahati upande wa kushoto, maana upande wa kulia lilikuwa linapita lori la mchanga. Wakaja wasimamizi. Wakampa chupa ya bluu. Wakampa nyingine. Wakampa kidonge. Mmoja akampulizia ile dawa ya baridi ya wacheza mpira. Binti akapanda, akaenda mita 300, akakamatwa tena. Jirani hapo kulikuwa na fundi baiskeli chini ya mwembe, mzee wa makamo, ana pampu, beseni la maji na spana zake kwenye gunia. Aliangalia mara moja tu, akasema, "Binti, hii siti umeikalia au umeipigia magoti?" Akalegeza nati, akaivuta siti juu, akakaza. Shilingi mia tano. Hakuna msimamizi hata mmoja aliyekuwa na spana. Gari la vinywaji lilikuwepo, spana hakuna!

Siti, jamani. Siti ya chini inalifanya goti likunjike muda wote, na paja la mbele linabeba mzigo wote peke yake bila kupumzika. Siti ya juu mno nayo inakulazimisha kuinyoosha ncha ya mguu kuitafuta pedeli, kama mcheza ngoma wa vidole. Hapo kigimbi kinafanya kazi kikiwa kimejikunja, na msuli uliojikunja ndio unaobana kwa urahisi zaidi, kwa sababu kano imelegea na konda hana bati la kugonga. Kipimo ni rahisi. Kaa juu ya siti, rafiki akushikilie, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke bila kiuno kuyumba. Ukirudisha sehemu pana ya mbele ya unyayo juu ya pedeli, goti litakuwa limekunjika kidogo. Imekwisha. Hakuna cha kununua.

Cha pili ni gia. Vijana tunaona aibu kutumia gia nyepesi, tunadhani ni ya akina bibi. Mtu anapanda kilima gia kubwa, kila mzunguko anasaga meno, anapedeli mara 50 kwa dakika na kila mara ni kama anapanda ngazi na gunia. Shusha gia, zungusha haraka, mara 80 au 90 kwa dakika, kila msukumo uwe mdogo. Wale wanaoleta mkaa mjini kutoka Kisarawe wanajua somo hili bila kusoma popote. Baiskeli zao hazina gia, zina magunia yanayozidi uzito wa mwenye baiskeli. Umewahi kuwaona wakifika kwenye kilima? Wanashuka! Wanasukuma taratibu, wanapumzika, wanapanda tena. Hawana aibu kwa sababu kwao kubanwa msuli si habari ya kusimulia ofisini Jumatatu, ni mzigo kumwagika na siku kupotea. Sisi wenye baiskeli za gia 21 tunawapita tukiwahurumia, halafu wao ndio wanatukuta mbele tumelala chali.

La tatu ndilo linalouma zaidi. Mazoezi. Unakaa kwenye kiti siku tano, unakwenda kazini kwa gari, unarudi kwa gari, unapanda lifti kwenda ghorofa ya pili, halafu Jumamosi unautaka mguu huo huo ukupeleke kilomita 60 na zaidi na ikiwezekana ukurudishe. Kwa haki gani? Mtu aliyewahi kubanwa ajijue kwamba yumo kwenye kundi la watakaobanwa tena, kama walivyoonekana wale 43. Dawa yake ni kujenga polepole. Wiki hii kilomita 20, ijayo 25, kisha 35, halafu wiki moja ya kupumzika kidogo. Siku moja ya katikati ya wiki fanya vilima, maana msuli unazoea kile tu unachoufanyisha. Ukizoea Masaki tambarare, usishangae Pugu ikikukataa. Na siku ya safari yenyewe, saa ya kwanza uende taratibu mpaka uone aibu. Mwezi Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli ya barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5 za vilima, na waliomaliza walikuwa 30 tu. Sisemi waliojitoa walibanwa misuli. Nasema watu wale wana madaktari, wapishi, na kila chupa iliyowahi kutengenezwa duniani, na bado vilima vya Kigali viliwaambia shukeni.

Kuhusu vidonge nitapita haraka kwa sababu hasira inanipanda. Magnesiamu: wanaochambua tafiti za tiba wa Cochrane walichapisha mapitio mwaka 2020. Kwa wazee wanaobanwa misuli usiku, haielekei kuwa na faida ya maana. Kwa wanamichezo, hawakupata hata jaribio moja lenye sifa la kuchambua. Hata moja! Na bado inauzwa hapa mjini kwa bei ya kilo nzima ya samaki. Kwinini: mwaka 2006 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaonya watu wasiitumie kwa misuli kubana, ikisema imepokea ripoti 665 za madhara makubwa tangu mwaka 1969, zikiwamo za vifo 93. Inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kushusha chembe za damu zinazozuia kutokwa na damu. Anayekugawia kwinini barabarani kama pipi, mkimbie. Kwa upande mwingine, kama unatumia dawa za presha zile za kukojoza, au za kushusha mafuta kwenye damu, na misuli inakubana mara kwa mara hata ukiwa umekaa, hilo ni la kumpelekea daktari. Na mkojo ukiwa na rangi ya soda nyeusi baada ya safari ngumu, usisubiri Jumatatu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ikikukamata barabarani? Acha kupedeli, usishindane nayo. Tazama nyuma, toka kabisa nje ya lami, ndipo ushuke, maana Barabara ya Bagamoyo haina subira na mtu anayeyumba. Kigimbi: nyoosha goti, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako. Paja la mbele: shika mguu, lete kisigino kwenye kalio. Paja la nyuma: kisigino chini mbele yako, goti limenyooka, inama taratibu. Shikilia mpaka itulie, si mpaka uchoke kushikilia. Halafu ukirudi barabarani punguza mwendo, maana msuli ule haujapona, umenyamaza tu.

Nimewaandikia waandaaji wa ule msafara. Nimewaomba mambo matatu: fundi mwenye spana awepo mahali pa kuondokea na kila siti ipimwe kabla filimbi haijapigwa, wageni wawe na mahali pa kugeuzia, Bunju panatosha, wasilazimishwe kufika Bagamoyo kwa sababu ya picha, na wasimamizi waache kuwamwagia watu maji mdomoni. Sikuomba pesa, sikuomba kuwekwa kwenye kamati. Mpaka leo jibu nililopata ni moja: tangazo la msafara ujao, ada imepanda, na mfadhili ameongeza ladha ya embe.